Magoti Yangu Mbele ya Baba Mkwe

Aibu niliyoipata darasani kwangu hapa Bariadi sijawahi kuipata popote, na acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana chanzo ni mimi na ujuaji wangu.

Nafundisha ubunifu wa bidhaa chuoni, na wiki ile tulikuwa kwenye egonomia (yaani kiti au jembe limfuate mtu mwili wake, siyo mtu ajipinde kulifuata), basi nikaweka kwenye simu programu ya kupima mkao: unasimama mbele ya kamera, mifupa yako inachorwa ukutani kwa projekta, ukijipinda inageuka myekundu na sauti ya mwanamke inakukaripia. Wa nyuma wakalalamika hawasikii, nikaiunganisha na spika kubwa, nikaweka na kiwango kikali kabisa.

Sasa asubuhi hiyo mchumba wangu Masunga akamleta baba yake kutoka Mwandoya hadi darasani kwangu. Mzee alishagoma, posa haiendi kwetu Tanga mpaka amwone kwa macho yake huyo mwalimu asiye Msukuma, na mimi nilishafundishwa: akiingia, magoti chini, salamu ya asubuhi ya Kisukuma taratibu. Nilifanya mazoezi nyumbani mpaka magoti yakachubuka. Kuzima simu? Wala, nilitaka aone ninavyoijua teknolojia.

Akaingia. Nikapiga magoti hapohapo mbele ya kamera, kichwa nikainamisha. "Mwangaluka, ba..."

"Mkao hatari. Simama wima," spika ikanguruma.

Nikasimama (mwili ulitii wenyewe, ndivyo nilivyouzoeza na programu hiyo wiki nzima), nikakumbuka salamu haijaisha, nikashuka, ikanikaripia tena, nikapanda, nikashuka, ukutani mifupa yangu myekundu inapanda na kushuka na mimi, wanafunzi wamelalia meza kwa kicheko, Masunga kajifunika uso kwa kofia. Moyoni nikasema posa imekufa, na nimeiua mwenyewe.

Mzee akaitazama spika kwa hasira. "Huyo mama anayemkataza kunisalimia ni nani?"

"Ni simu, baba," nikasema, nimechuchumaa nusu, machozi yananilenga.

"Basi iambie inyamaze. Mkwe wangu ananisalimia."

Mkwe! Nilishuka magoti yote mawili, nikaimaliza salamu huku nacheka na kulia, spika ikibwata weee mpaka ikachoka. Siku hizi nikienda Mwandoya simu naizimia Bariadi kabisa, na nikifika getini naikagua tena.