Televisheni Haimsubiri Mtu

Jambo la mwisho la kawaida aliloniomba mke wangu lilikuwa dogo. "Baba, hebu isimamishe televisheni, nikaepue maharage."

Nikacheka. "Mama, televisheni haimsubiri mtu."

Akakosa mwisho wa igizo lake. Wiki hiyohiyo alifariki.

Juzi nilipeleka rimoti ikabadilishwe betri kwenye duka tuliponunua televisheni, Lushoto mjini. Binti wa kaunta akaielekeza kwenye televisheni ya dukani, akabonyeza kitufe chenye vijiti viwili. Msomaji wa habari akaganda mdomo wazi.

"Umeona, mzee? Ya intaneti inasimama. Ukirudi, inaendelea."

"Tangu lini?"

"Tangu siku mliyofungiwa nyumbani. Kwani hamkujua?"

Nilizoea mambo ya antena, na shahada yangu ya chuo kikuu haikunisaidia kitu. Nikatazama viatu vyangu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kaburini, nikamwambia, "Mama, inasimama."