Ufa wa Raba na Mawe ya Mama Tabitha

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya kung'arisha mawe pale Musoma, Fundi Mkuu, Mzee Idrisa, hakuniruhusu kugusa kitu. Alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia nisikilize mashine mpaka saa ya chakula.

"Binti, hii haizunguki," akasema. "Inatetemeka. Ukielewa hilo, mengine nitakufundisha."

Pipa lilikaa juu ya springi. Chini yake palikuwa na mota yenye chuma kizito kilichofungwa upande mmoja wa mhimili. Mota ikizunguka, uzito ule unavuta huku na huku, pipa zima linatikisika. Mapipa ya kuzunguka huyaviringisha mawe yakawa kama mayai. Hili letu lililainisha jiwe na kuliachia umbo lake. Tulilijaza karibu na mdomo, maana likiwa na nafasi kubwa mawe yanagongana na kupasuka. Maji tulitia kidogo tu, kiasi cha kuufanya mchanga wa kusagia ushike kwenye mawe. Yakizidi, mchanga unazama. Yakipungua, tope linaganda na mawe yanasimama.

Udhaifu wa pipa lile ulikuwa katikati, pale boliti ndefu ilipopita. Raba ya kuziba ikichakaa, tope linavuja mpaka kwenye beringi za mota. Kila Jumamosi nilifungua, nikaosha, nikakaza nati zilizolegezwa na mtetemo. Raba iliyofunika ndani ya pipa niliikagua kwa ukucha. Ufa mdogo huficha punje za mchanga mkali, na zikitoka wakati wa kung'arisha kwa poda laini, mawe yanachunika.

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa tawi la Bunda. Huko ndiko alikokuja Mama Tabitha, mjane wa mvuvi, na mfuko wa mawe ambayo mumewe aliyaokota ziwani tangu ujana wake.

"Alikuwaga anarudi na samaki na jiwe moja," aliniambia. "Nataka kuyapanga kaburini siku ya misa yake."

Nilipoosha pipa kabla ya kutia poda ya kung'arishia, niliona ufa kwenye raba ya ndani. Nikamweleza Msimamizi wa tawi kwamba raba inatakiwa kubadilishwa.

"Raba mpya iko Musoma," akajibu. "Huyu mama anakuja Ijumaa. Washa."

Nikawasha. Sikulazimishwa kwa fimbo. Niliogopa kubishana, basi.

Ijumaa asubuhi nikafungua. Mawe yote yalikuwa na mikwaruzo. Nilikaa chini na lile kubwa la kijani mkononi, nikashindwa hata kulifuta.

Msimamizi akanivuta pembeni. "Mwambie mawe yake ni laini, hayashiki mng'aro."

Mama Tabitha alipofika, nikamwambia kweli. "Mama, mawe yako ni mazuri. Niliona raba imepasuka nikawasha mashine hivyo hivyo. Kosa ni langu."

Aliyapapasa moja moja.

"Yanaweza kurudiwa?"

"Yanaweza, Mama. Lakini yatapungua ukubwa."

"Basi yapungue," akasema. "Misa nitaisogeza."

Jumatatu nilipanda gari kwenda Musoma, nikarudi na raba, nikaibandika mwenyewe. Nilianza upya na mchanga wa kati. Mama Tabitha alipoyapokea safari ya pili, alilipeleka lile la kijani juani, akalia, kisha akanishukuru. Nilishindwa kumtazama.

Mwezi uliofuata Msimamizi alinihamishia Butiama, kwenye chumba chenye mashine moja, kando ya njia ya kwenda kitongoji cha Mwitongo. Wenzangu walisema nimetupwa. Nilifanya kazi huko mpaka nikastaafu.

Vijana wa fani hii wananiuliza kama nilionewa. Inawezekana. Iliniuma, sitawaficha. Lakini pale Butiama hapakuwa na mtu wa kunipangia siku ya kufungua pipa. Wateja walikuja, nikawaambia bado, wakarudi nyumbani. Nilifungua mawe yakiwa tayari.