Tundu la Mkono wa Kushoto

Mwezi uliopita nilirudi mtaani kwetu Buyenzi kusaidia kufungasha vyombo vya marehemu Bibi, mama yake mama, na juu ya kabati la jikoni nikakutana na ubao ninaoujua. Ulikuwa na matundu ya mviringo, na katika kila tundu kilikaa kikombe kidogo cha kahawa. Bibi hakuwa mtu wa kutupa kitu, nawe ungedhani ubao ulichongwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Nilivitoa vikombe kimoja kimoja, nikaketi sakafuni na ubao mapajani, kazi ya kufungasha nikawaachia binamu zangu.

Ubao ule ulikuwa wa mashine ya michezo, yale makabati marefu yenye televisheni kifuani ambayo zamani yalisimama kwenye mabaa. Yetu ilitoka kwenye baa moja ya mtaa wa Asiatique iliyofungwa vita vilipochacha. Mjomba, fundi redio, aliikuta imetupwa uani, imelowa, panya wamekula nyaya, akaileta kwa mkokoteni huku mtaa mzima ukimcheka. Lakini Bibi ndiye aliyemtuma. Alikuwa na wajukuu sita katika ua mmoja, na zilikuwa siku ambazo mtu alitoka kununua chumvi asirudi. "Tafuta kitu itawashika mu nyumba," alimwambia.

Basi Mjomba akaifufua. Akatia nyaya mpya, na penye tundu la sarafu akafunga kitufe cha kengele ya mlango, ukikibonyeza mchezo unaanza. Ubao wa zamani ulikuwa umeoza, akachonga mwingine wa mvule. Kile kijiti cha kuendeshea mchezo sisi tulikiita mkono, na katika kukipachika ndipo ulipomjua Mjomba ni mtu gani. Alichora kwanza kwenye karatasi, akaibandika, akatoboa kwa keekee polepole kutoka juu ili mbao isimeguke, kisha akageuza na kuchimba upande wa chini kwa patasi hadi kitako cha kijiti kikakaa ndani sawasawa. Hakutaka parafujo hata moja ichungulie juu. Tukimharakisha alijibu "haraka haraka haina baraka" na kuendelea kupiga msasa, huku harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga ikitutoa mate.

Ila kabla hajatoboa, Bibi alipita na beseni la maandazi, akaona alama ya penseli.

"Kwa nini umeiweka uku?"

"Ni vile ilikuwaka, Mama. Mukono iko kushoto, vifungo ya kubonyeza iko katikati."

"Apana. Mukono ya kushoto haishike kitu ya heshima. Abo waliitengeneza hawakufundishwa kwao."

Mjomba alibishana na kila mtu Buyenzi isipokuwa mama yake. Akafuta alama, mkono ukahamia kulia.

Sasa nikuambie, rafiki yangu: mimi ni wa kushoto. Nilizaliwa hivyo, na nyumba nzima ilikuwa ikinirekebisha. Mwalimu alinichapa vidole kwa rula. Bibi hakuchapa. Alinifunga kitambaa kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto ili nikiunyoosha kwenye sahani nikumbuke, akisema samaki mkunje angali mbichi. Na hii mashine iliyoletwa kunifurahisha nayo ikawa mwalimu mwingine. Mchezo ulikuwa wa ndege ndogo inayokwepa mawe. Ya kwangu ililipuka kabla sijameza mate. Binamu zangu wakaniita Mukono ya Muti. Zamu yangu ilikuwa fupi na foleni ndefu, nami nilikuwa na hasira za karibu.

Nikagundua bati lililolegea kwenye ua wa nyuma. Wenzangu wakicheza, mimi nilichomoka kwenda gereji ya mtaa wa pili, ambako mafundi walinituma spana na hakuna aliyejali nimeishika kwa mkono gani. Nilipenda ile gereji, milio ya nyundo na redio yao iliyokwaruza. Bibi alinihesabu kuwa niko sebuleni, penye mashine.

Alasiri moja nyundo zilinyamaza zote kwa pamoja, kisha risasi zikaanza. Nililala chini ya lori, uso kwenye mafuta. Sijui ni muda gani. Ninachojua ni viatu vya Mjomba vikija vinakimbia katika barabara tupu, maana bati lililobaki wazi lilimwonyesha nilikopita, na jinsi alivyonivuta na kunibeba begani kama gunia.

Bibi alikuwa mlangoni.

"Ulikuwa wapi, we? Mu nyumba si kuna mashine?"

"Mashine hainitake, Bibi. Mukono yangu haiko pale."

Hakunichapa. Aliangalia kile kitambaa, kimelowa mafuta meusi, akajaribu kukifungua, fundo likakataa. Akaling'ata kwa meno mpaka likaachia. Kisha akamgeukia Mjomba.

"Weka na ya kushoto."

"Nitapima kesho, Mama. Haraka haraka..."

"Leo. Mbele ya jua kuzama."

Na siku hiyo Mjomba hakuchora kwenye karatasi. Alitoboa kwa kukadiria tu, Bibi mwenyewe akiwa ameushikilia ubao kwa mikono yote miwili, na mbao ikameguka ukingoni. Mjomba aliuma mdomo. Bibi akasema endelea.

Toka hapo sikupita tena kwenye lile bati. Nilikaa ndani, nikawapiga binamu zangu mmoja mmoja hadi lile jina likafa. Mezani Bibi hakulegeza hata kidogo, aliniambia ya mashine ni ya mashine, ya chakula ni ya chakula.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba karibu mashine zote za aina ile huwekwa kijiti upande wa kushoto. Nilicheka, halafu nikasikitika, kwa sababu sikuwa na wa kucheka naye: Mjomba alishatangulia na Bibi alikuwa hasikii vizuri tena. Kabati la mashine liliishia kuwa banda la kuku. Pale penye gereji pana maduka ya ghorofa, na sisi wajukuu sita tumetawanyika nchi nne. Nawakumbuka sana, siwezi kukuficha.

Nimeuleta ubao kwangu Gihosha. Nina vijiti viwili vipya, na seremala ananichongea kabati. Juzi alipitisha kidole kwenye tundu la kulia, laini kama ukingo wa kikombe, kisha kwenye la kushoto, akaguna, akauliza kama azibe pale palipomeguka.

Nikamwambia aache. Pale ndipo Bibi na Mjomba, siku moja tu, kila mmoja alipoivunja methali yake, na mimi nikabaki nyumbani, mzima.