Chujio Lililoanikwa Pamoja na Sahani

Mama alikuwa na mashine ya kusaga kule Munanila. Mimi nilikuwa dereva wa lori la mahindi, kutoka Kasulu hadi kwenye kambi za wakimbizi Kibondo, na miaka ile ya tisini barabara ilinimaliza mgongo. Nikifika kwa mama Jumamosi nilitaka chakula na mkeka, basi. Lakini Jumamosi ndiyo siku aliyofua chujio la oili.

Baba alipokuwa hai, injini yetu ilikuwa na chujio la wavu wa chuma. Ulilichovya kwenye mafuta ya taa, ukalisugua, likarudi kazini. Baba alifariki, injini ile ikamfuata, tukapata nyingine kuukuu ya dizeli, chujio lake la karatasi ya mikunjo. Mama hakuona tofauti. Alilisuuza kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni, akalianika kwenye kichanja pamoja na sahani.

Nilimweleza mpaka nikachoka. Pampu inavuta oili kutoka chini ya injini na kuisukuma kwenye karatasi. Masizi na chembe za chuma zinabaki hapo, oili safi inakwenda kulainisha vyuma. Karatasi ikiloa maji inalegea, inachanika, uchafu unapita. Na ikiziba, kuna kilango kidogo chenye springi kinafunguka, oili ipite hivyo hivyo na uchafu wake, maana bila oili injini haichukui muda kufa. Kwa hiyo inanguruma kama kawaida huku inalika ndani kwa ndani.

"Mbona inasaga vizuri, mwanangu, mwana wanje?" aliniuliza.

Nikamletea chujio jipya. Akalifunga kwenye kanga, akaliweka sandukuni. "Hili la sasa halijaisha. Jipya ni la siku ya shida."

Hapo alinikasirisha kweli. Nilitaka kulifunga kwenye injini mwenyewe, akanishika mkono. "Niachie mashine yangu. Ikisimama mtanipeleka Kigoma kwa dada yako, nikae kwenye kiti kungojea kupakuliwa chakula." Dada alikuwa ameshamwandalia chumba. Sikuwa na nguvu ya kubishana, nikalala.

Mavuno yalipokolea, injini ikaanza kugonga. Siku ya soko ikanoki, ikakwama kabisa, wanawake wako kwenye foleni na mabeseni yao. Fundi aliifungua, akasema vyuma vimelika, haitengenezeki. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai. Mimi niliumia kuliko nilivyotegemea.

Nilipokwenda kumchukua kumpeleka Kigoma, sikumkuta. Jirani akanielekeza kwenye mashine ya watu wengine, ng'ambo ya bonde. Alikuwa kwenye foleni, beseni la mahindi kichwani, nyuma ya waliokuwa wateja wake. Walimwomba apite mbele, akakataa.

"Mama, twende," nikamwambia.

Hakugeuka. "Mwambie dada yako chumba akipangishe."