Mbuzi wa Kyuso na Toleo la Nne

Kazi yangu ni kuandika programu zinazoendesha vioski vya maji: mtu anagusisha kadi, mfereji unafunguka. Kila kioski kina mahali pa kuchagua kitumie toleo gani la programu. Ukiandika nambari, tuseme tatu, kitabaki na la tatu hadi ubadilishe mwenyewe. Ukiandika "jipya zaidi", kitajichukulia lolote utakalotoa. Vyote niliviandikia "jipya zaidi". Mimi ni mvivu, na wakati huo nilijiamini kupita kiasi.

Toleo la nne nililitunga kwa ajili ya Kathonzweni, ambako watu waliacha mitungi ifurike huku wakipiga porojo. Sasa maji yangekatika kila baada ya lita ishirini, kisha yangoje dakika mbili. Asubuhi nilipolitoa nilikuwa Kathonzweni, kamati ya maji ikinisifu nami nikijifanya sitaki sifa, simu ilipolia. Alikuwa mama anayesimamia kioski cha Kyuso, tena siku ya soko la mifugo.

"Mwanangu, maji inatoka kidogo, inasimama. Inatoka, inasimama. Umeifanya nini?"

"Mwaitu, mama yangu, hiyo ni programu mpya. Inazuia watu kumwaga ovyo."

"Nani anamwaga? Hapa ni mbuzi wanakunywa!"

Nilikuwa nimesahau birika la kunyweshea mifugo. Kyuso kundi moja hunywa likashiba, likaondoka, ndipo mama ainue mkono na kundi la pili lisogezwe. Maji yalipokatika, kundi la kwanza lilizubaa, na la pili, lenye kiu, likavamia. Mbuzi wa mzee mmoja mfanyabiashara, aliowaswaga siku mbili kutoka kaskazini, wakachanganyika na wa mwenzake, weupe kwa weupe. Lori la kuwapeleka Nairobi lilikuwa linaondoka saa sita, awe amepakia au hajapakia.

Kupitia kompyuta yangu, kwenye kioski cha Kyuso nilifuta "jipya zaidi", nikaandika tatu. Dakika moja tu! Nikamtangazia mama kwamba mambo yamekwisha.

"Maji imerudi," akasema. "Sasa rudisha mbuzi."

Hapo sikuwa na la kubonyeza. Nilibaki na simu sikioni, nikisikia wanaume wawili wakikagua alama kwenye masikio ya mbuzi mmoja mmoja, wakibishana, wakiapa, wakianza upya. Kamati ya Kathonzweni iliniletea chai, nikaiweka chini. Saa sita lori likaondoka. Mbuzi wa mzee hawakuwamo.

Mama akampa mzee simu. Nilijiandaa kutukanwa, na nilistahili. Badala yake mzee aliuliza kwa upole, "Wewe ndio unaamua maji itoke namna gani?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe sana."

"Na ulikaa hapa siku ngapi, ukiangalia vile wanakunywa?"

Niliona haya. Nikamwambia ukweli: sijawahi kufika Kyuso.

"Aa," akasema, akamrudishia mama simu yake.