Juzuu ya Sita ya Mama Honorine

Watu wa mtaa wa Kabondo waliompelekea Honorine vitambaa vyao walijua mambo mawili juu yake: nguo hacheleweshi, na mdomo haufungi. Cherehani ilivuma, naye alivuma juu yake, na mteja aliyekuja kupimwa mkono wa blauzi alirudi kwake na kisa kizima cha harusi ya watu asiowajua. Alizaliwa kwa wavuvi wa kwenye maporomoko ya mto. Kwao mtu akiinua mtego mtupu bado hakosi cha kupeleka nyumbani, atapeleka hadithi ya samaki aliyeponyoka. Hakuna anayemwita mwongo. Samaki huyo huliwa kwa masikio, basi.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Diploma yake ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, aliipata mwaka uleule baba yake alipozama, na chuo kikuu kikabaki kuwa majengo anayoyapita akienda kununua uzi. Siku sita za juma alikuwa mama wa nguo. Jumamosi alasiri, katika duka la vitabu la Papa Assumani, alikuwa msomaji, na siku hiyo alivaa kitenge kipya.

Papa Assumani alitoka katika familia moja ya Waislamu wa zamani wa mji, wajalidi wa vitabu baba kwa mwana. Alijalidi daftari za ofisi na misahafu iliyochoka, na kwenye rafu mbili karibu na mlango aliuza riwaya. Riwaya zilikuwa chache. Zilifika ndani ya sanduku la msafiri kutoka Kinshasa, nakala moja moja, na watu waliotaka kuzisoma walikuwa tisa. Akawaza jinsi kwao wanavyosoma hitima: mtu akifariki, msahafu hugawanywa juzuu thelathini, kila mmoja akasoma yake, na mwisho Kitabu chote kinahesabiwa kimesomwa. Basi akachukua riwaya, akakata uzi wa mgongo, akaigawa mafungu tisa, na kila fungu akalivika karatasi ya kaki. Nayo akayaita juzuu. Kila msomaji alikaa na lake wiki moja. Jumamosi walisimulia kwa zamu, la kwanza mpaka la tisa, kwa Kiswahili, na jua lilipokaribia kuzama kitabu kilikuwa kimeisha. Kisha Papa Assumani alikishona upya na kukirudisha rafuni.

Sharti lilikuwa moja. Kabla ya kusimulia, karatasi zote zinarudi kikapuni, na kikapu hakifunguliwi.

"Kwenye hitima humuulizi jirani kama kweli amesoma juzuu yake," alisema. "Ukimuuliza, umemutukana."

Wiki moja ya mwezi wa tano riwaya ilikuwa ya Kifaransa, juu ya mjane wa mwoka mikate ambaye shemeji yake anaitaka nyumba. Honorine alipewa juzuu ya sita. Wiki hiyohiyo kwaya ya parokia ilimletea magauni ishirini na mawili yenye kola nyeupe. Alisoma kurasa nne, pini mdomoni: shemeji amekuja asubuhi, ana karatasi na kalamu, anataka mjane atie sahihi. Honorine akasema, kesho. Kesho ilipofika kulikuwa na kola. Ijumaa kulikuwa na kola. Jumamosi aliitia juzuu ndani ya mfuko kama ilivyo, akapanda toleka, na huko nyuma ya baiskeli, akishika kiti kwa mkono mmoja, akaanza kuwaza mjane angefanya nini.

Angeweza kusema hakusoma. Hilo ndilo alilojiambia baadaye, mara nyingi. Fortunée, muuguzi wa zahanati, aliwahi kusema hivyo, na Papa Assumani alijibu "pole, mama," wakaendelea. Hakuna aliyekufa. Lakini Fortunée hakuwa mtu ambaye wengine walimngojea. Zamu ya Honorine ilipofika, watu walisogeza viti.

Akasimulia. Kurasa nne za kweli alizimaliza kwa pumzi mbili. Kisha mjane akachukua kalamu, akaitazama, akasema, ngoja nikalete taa nione vizuri. Akaleta taa. Akamwaga mafuta yake juu ya karatasi, juu ya meza, juu ya mapazia ya marehemu, akawasha. Mimi sipati, na wewe hupati, akasema. Honorine aliichoma nyumba ile mpaka bati likajikunja, na Fortunée akashika kifua.

"Mama Honorine, unatuua," alisema.

Juzuu ya saba ilikuwa ya Papa Pierre. Alikuwa mzee wa miaka sabini na mmoja, mpiga chapa mstaafu. Kwa miaka thelathini alipiga chapa hukumu za mahakama bila kuruka mstari, na hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kujipa mbele yao. Alisimulia polepole, macho chini, kama anasoma ndani ya kiganja.

"Bon. Siku ya pili, shemeji anarudi. Mjane anamukaribisha ndani. Anamupa kahawa. Wanakaa kwenye meza..."

"Meza gani, Papa Pierre?" Fortunée alicheka. "Nyumba si iliungua? Hiyo kahawa wanakunywia juu ya majivu?"

Duka zima likacheka. Papa Pierre alivua miwani, akaivaa tena.

"Waliandika meza. Na mapazia. Anafunga mapazia sababu ya jua."

"Mapazia ndiyo yalianza kuwaka, papa."

"Pengine ni nyumba ingine," mtu alimsaidia.

"Sikuona nyumba ingine." Aliinuka, akanyoosha mkono kuelekea kikapu. "Niangalie kidogo tu."

"Papa Pierre," Papa Assumani alisema kwa upole, "karatasi tunaacha."

Mkono ulirudi. Honorine alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwake. Maneno yalikuwa mafupi: mzee amesoma sawa. Aliyahesabu mdomoni, yalikuwa matatu tu, na mdomo ule usiofungwa ulifungwa. Akatazama kola ya shati la Papa Pierre, iliyogeuzwa na kushonwa upya upande wa pili, kazi safi, pengine ya marehemu mke wake.

"Basi niliruka ukurasa," alisema Papa Pierre. "Ao niliota. Munisamehe."

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata. Fortunée alisema wazee wana mambo yao. Honorine alikubali upesi kuliko ilivyohitajika.

Wiki ya tatu Emilie, binti ya Papa Pierre, alileta gauni lipunguzwe kiuno. Honorine alipiga magoti kubana pini, akauliza baba anaendeleaje, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Kichwa, Mama Honorine." Emilie alishusha sauti. "Alirudisha kwa padri orodha ya wasomaji. Miaka kumi na tano anasoma somo la kwanza kila Jumapili, sasa anasema atasoma mambo ambayo hayakuandikwa, awapoteze watu. Ameshika daftari. Ukimwambia chumvi imeisha, anaandika. Halafu ananiuliza kama ni kweli nilisema. Kaka yake mukubwa alianza vilevile. Alikufa hajui jina lake."

"Ilianza lini?" Honorine aliuliza, ingawa alijua.

"Tangu kule kwenye vitabu. Anasema alisoma ukurasa ambao hauko."

Pini ilimchoma Honorine kidoleni. Hakuutoa mkono. Alibaki amepiga magoti mbele ya kiuno cha mtoto wa watu, uso umefichwa na kitambaa, na akashukuru kwamba umefichwa.

Jioni ileile alikwenda dukani kuazima riwaya, iliyokwisha kushonwa. Papa Assumani alishangaa. "Lakini hii si tuliimaliza?"

"Nataka kurudia."

Alisoma juzuu ya sita amesimama karibu na dirisha lake, cherehani imefunikwa. Hakuna moto. Shemeji anaweka karatasi mezani. Mjane hasemi ndiyo wala hapana. Anachukua ungo wa maharagwe, anaanza kuchambua. Shemeji anaongea, yeye anachambua, mawe huku, maharagwe huku, mpaka mtu yule anachoka, anakunja karatasi zake, anaondoka. Kurasa ishirini na sita, na ndani yake hakuna aliyeinua sauti. Honorine aliona kwamba yeye asingeweza kubuni jambo kama hilo, na aibu ya pili ikakaa juu ya ile ya kwanza.

Asubuhi alimkuta Papa Pierre uani, daftari gotini. Mzee alitaka kumpa kiti chake mwenyewe. Honorine alikataa kukaa.

"Papa Pierre, nyumba haikuungua."

Mzee alimtazama.

"Sikusoma. Nilikuwa na kazi ya kwaya, nikasoma kurasa nne, mengine nikayatunga. Wewe ulisoma vizuri. Ile kahawa iko. Mapazia yako." Alimwekea kitabu mapajani, kimefunguliwa. "Angalia."

Papa Pierre alisoma. Alisoma yote, bila haraka, kidole kikitembea chini ya mistari, na Honorine alisimama juani muda huo wote kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Mzee alipomaliza hakutabasamu.

"Nilienda kwa daktari," alisema. "Nikamwambia, ninaona maneno ambayo hayako. Aliniuliza mwaka gani, mwezi gani, rais ni nani. Mimi. Emilie alikuwa anasikiliza."

"Nisamehe, papa."

"Kikapu kilikuwa pale. Nilinyoosha mukono. Uliniona?"

"Nilikuona."

Alifunga daftari. Kwa muda alilitazama jalada lake, kisha akaliweka chini ya kiti.

"Wenzetu wanajua?"

"Bado."

"Donc kule bado mimi ndiye mutu wa kichwa kibovu." Alimrudishia kitabu. "Jumamosi nitakuja. Mimi sitasema kitu."

Honorine alikuwa ametumaini, bila kukiri hata moyoni, kwamba angesamehewa pale uani, mbele ya kuku tu. Njiani kurudi alifikiria kuugua Jumamosi. Alifikiria harusi ya mtu fulani Basoko. Alizifikiria zote mpaka siku ikafika, na akavaa kitenge cha zamani.

Walikuwa tisa kamili. Alisimama kabla salamu hazijaisha, akasema kama alivyosema uani, kwa maneno machache, kwa sababu yale mengi aliyoyaandaa yalikuwa yote ya kujitetea. Hakuna aliyecheka. Angependa wacheke. Fortunée alifunika mdomo, akamtazama Papa Pierre, kisha akatazama vidole vyake. Papa Assumani alikitazama kikapu.

"Nilimukataza mutu mwenye haki asiangalie," alisema mwisho. "Na tukahesabu kitabu kimesomwa, nacho hakijasomwa." Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sema juzuu yako, Mama Honorine. Ile yenyewe."

Akaisema. Sauti yake, ambayo mtaa mzima uliijua, ilitoka nyembamba. Karatasi juu ya meza, kalamu, ungo. Mawe huku, maharagwe huku. Aliona mtu mmoja anapiga miayo, akahisi mkono wa zamani unamvuta, angeongeza kofi moja tu, tusi moja, wangeamka. Aliendelea na maharagwe. Alipofika mahali shemeji anakunja karatasi, alinyamaza, maana juzuu iliishia hapo.

"Ule moto ulikuwa mutamu zaidi," Fortunée alinong'ona, si kwa ubaya.

"Lakini hauko," alisema Papa Pierre. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. Alimgeukia Honorine, miwani ikiwa chini ya pua. "Yale maharagwe, aliyapika?"

Jibu lilimjia palepale, lenye kitunguu na mafuta ya mawese, na harufu iliyomfuata shemeji mpaka barabarani. Lilikuwa jibu zuri. Honorine alilimeza.

"Hawakuandika, papa."

Papa Pierre aliitikia kwa kichwa. "Bon," alisema, akasogeza kiti chake mbele. "Siku ya pili, shemeji anarudi."