Mdaiwa Aliyemkaripia Mdai Wake

Dada yangu hana mdomo. Mdomo wa nyumba yetu ninao mimi, na siombi radhi. Yeye tangu aajiriwe serikalini ni kupanga mafaili, kufunga kabati, kurudi nyumbani. Ofisini wanamwita Mama Faili. Mkuu wa masjala ya siri alipostaafu, jina lake likapendekezwa, nami nikalia kwa furaha, maana kiti kile alikitamani tangu mtoto wake wa kwanza ananyonya.

Lakini hukikalii hivi hivi. Kwanza unafanyiwa upekuzi. Wanachimba marafiki zako, safari zako, pombe yako, na hasa madeni yako. Mtu mwenye madeni, wanasema, ni rahisi kununuliwa. Na dada yangu, jamani, alikuwa anadaiwa.

Ni mambo ya kuku. Alichukua vifaranga na chakula kwa mkopo kwa Babu Pumba, mwenye duka la vyakula vya mifugo, ambaye barazani kwake ndipo nilipoweka cherehani yangu. Ugonjwa ukapita, kuku wote chali. Kuku wakafa, deni likabaki hai.

Dada akaliandika lote kwenye fomu ya upekuzi. Shemeji akashika kichwa. "Mke wangu, umejimaliza mwenyewe! Nani angejua?"

"Babu Pumba anajua," dada akamjibu. "Na mimi najua."

Wapekuzi wakaja mtaani, mwanamume na mwanamke, kuuliza habari zake. Basi mtaa mzima ukajigeuza wakili! Jirani akasema hana deni hata la kiberiti. Mama mkwe wa dada akaapa. Babu Pumba akapiga kifua: "Mimi? Simdai hata punje!" Siku hiyo nilikuwa nimepeleka nguo kwa mteja. Niliporudi nikawakuta wanagongeshana mikono kwa kicheko.

"Nyie mna wazimu?" nikafoka. "Yeye kaandika anadaiwa, nyie mnasema hadaiwi. Sasa mwongo nani?"

Kicheko kikawakauka. "Lakini tumemsaidia," Babu Pumba akasema.

"Mmemchimbia kaburi!"

Na kweli, haukupita muda dada akaitwa. Yule mpekuzi mwanamke akamuuliza kwa upole ambao, dada anasema, ulimtisha kuliko makelele: "Kila mwezi unatoa pesa, unasema unalipa deni. Mdai wako anasema hakudai. Sasa hizo pesa zinakwenda kwa nani?" Dada akaiona kazi inamtoka hivi hivi, na jina lake zuri linakwenda nayo. Akaomba apige simu palepale, sauti wasikie wote.

Mimi niko kwenye cherehani, Babu Pumba anapima mashudu, simu yake ikalia. Na yeye kwa vile masikio yamechoka, huongea kwa spika siku zote.

"Babu, shikamoo. Hivi unanidai au hunidai?"

Babu akanikonyeza. "Sikudai!"

"Babu, niko mbele ya wapekuzi. Sema kweli."

Kusikia wapekuzi, ndio kwanza akapandisha sauti. "Sikudai, sijawahi kukudai, na anayesema nakudai aje hapa!"

Hapo nikasikia kitu ambacho sijakisikia tangu nizaliwe. Dada yangu alipayuka.

"Wewe mzee! Kuku walinifia mimi, hawakukufia wewe! Nimekulipa kila mshahara kwa jasho langu, leo unalifuta jasho langu kwa neno moja? Unanidai! Sema unanidai!"

Uvumilivu ukanishinda, nikamchapa Babu begani kwa kitambaa. "Sema, wee!"

"Haya, namdai!" Babu Pumba akalia. "Namdai, na hajaruka mwezi hata mmoja! Alipolazwa hospitali alimtuma huyu mdogo wake. Nilitaka kumsamehe, akagoma. Jamani, mtu akinigombeza ili nimdai, nimfanyeje?"

 Upande wa pili kikasikika kicheko, na sauti ya yule mwanamke: "Babu, risiti unazo?"

"Zimejaa kopo, mwanangu."

"Zitunze. Tunakuja kuziona."

Wakaja, wakaziona zote. Walipomwita tena dada, yule mwanamke akamwambia, "Wengi tunaowapitisha hapa wana madeni. Hofu yetu ni deni la kufichwa, maana anayelijua ndiye anayekuwa bosi wako. Lako umelipigia kelele mwenyewe." Akampa mkono. Kiti kikawa chake!

Jioni nyumba ilijaa vigelegele, mimi sauti ilikauka kabisa. Babu Pumba akasimama katikati ya sebule. "Leo kwa furaha yangu, nafuta deni lote!"

Watu wakashangilia. Dada akainua mkono.

"Kaa chini, Babu. Ukinifutia leo, kesho ukija ofisini kwangu kuomba uchungulie faili, nitakuambiaje hapana? Nitalipa mpaka senti ya mwisho, halafu tutakunywa soda, wewe na mimi, hakuna anayemdai mwenzake."

Asubuhi yake akaenda kazini na funguo za masjala kwenye mkoba, anadaiwa, kichwa juu.